Kidumu cha Kupeleka Ujiji

"…na maji yenyewe ya buluu, bibi, halafu hayana ng'ambo! Yaani unatazama, unatazama, macho yanachoka kabla maji hayajaisha!"

Tatu alikuwa bado mlangoni. Begi lilikuwa mgongoni, kiatu kimoja amekivua na cha pili bado, na maneno yalikuwa yakimtoka kama karanga kwenye gunia lililotoboka. Alisema samaki wa Kigoma wana milia kama punda. Kabla bibi hajashangaa vizuri, akasema asubuhi milima ya Kongo inaonekana ng'ambo, mchana inapotea. Akakumbuka kwamba ameshasema maji hayana ng'ambo, akajisahihisha, akaruka kwenye habari za fisimaji aliyekula samaki huku amelala chali.

Bibi Zuwena alikuwa mkekani anachambua mchele. Alimwacha mjukuu wake aseme mpaka pumzi ikamwishia. Kisha akaweka ungo pembeni.

"Alhamdulillahi, mmerudi salama. Sasa niambie, mwanangu. Asali ilifika?"

Tatu akainama kuvua kiatu cha pili. Kamba haikuwa na fundo, lakini vidole vyake viliitafuta kama iliyo na mafundo saba.

Asali ilifika. Shida ilikuwa ilivyofika.

Pale Mtendeni, Tabora, kila mtu alimjua Bibi Zuwena kwa asali yake. Mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa akitundika mizinga huko misituni, na hata baada ya yeye kufariki, warina asali walewale waliendelea kumletea bibi. Kila asubuhi kabla ya shule, kazi ya Tatu ilikuwa kuosha chupa, kuzianika juani, na kuhakikisha hakuna hata tone la maji lililobaki ndani. Hata tone. Bibi alikuwa akichovya kijiti kwenye asali na kukiinua juu, na uzi wa asali ulishuka taratibu bila kukatika. "Ikikatika," alikuwa akisema, "siyo ya kwangu."

Kwa hiyo shule ilipotangaza kwamba darasa la sita litafanya ziara ya siku tatu kwa kufuata njia ya zamani ya misafara, kutoka Tabora hadi Ujiji, wenzake Tatu walifungasha biskuti na miwani ya jua. Tatu alifungashiwa kidumu cheupe cha lita tatu, kimejaa mpaka shingoni, kimewekwa ndani ya kikapu cha ukindu.

"Hiki ni cha mdogo wangu Mwavita," bibi alimwambia. "Unajua kwamba hatusemeshani."

Tatu alijua. Miaka sita iliyopita mama yao alifariki huko Ujiji. Bibi Zuwena alipanda treni siku ileile, treni ikakwama njiani, akafika maziko yameshapita. Bibi Mwavita alimwambia mbele ya waombolezaji wote: "Umeona mizinga ya mumeo ni bora kuliko mama." Tangu siku hiyo dada wawili waliozaliwa tumbo moja walikuwa na namba za simu za kila mmoja, na hakuna aliyepiga.

"Ungempigia tu, bibi," Tatu alisema.

"Nimeshika simu mara ngapi, na ulimi unakataa. Tulipokuwa wadogo, baba akileta asali, mimi na Mwavita tulikuwa tukikomba chungu kimoja kwa vidole. Akionja hii ataelewa. Hiki kidumu ndicho mdomo wangu, Tatu. Usikiache."

Tatu alikipakata kidumu kama mtoto mchanga.

Basi lilikuwa Kosta ya kukodi, na dereva aliitwa mzee Ngassa. Waliondoka alfajiri. Mwalimu Levina, aliyekuwa akifundisha historia, alisimama mbele akishika kiti ili asianguke, akawaeleza kuhusu wapagazi.

"Hapa tunapopita kwa saa moja, wao walitembea siku mbili," alisema. "Tena na mzigo kichwani. Pembe, nguo, shanga. Wanyamwezi walisifika kwa kazi hiyo. Lakini hata mpagazi hodari alikuwa na kambi. Akifika kambini, anautua mzigo, anapumzika shingo."

"Mwalimu, na aliyekataa kuutua?" aliuliza mmoja.

"Huyo angefika akiwa mfupi," alisema mzee Ngassa kutoka kwenye usukani, na basi zima likacheka.

Walipita Urambo, wakapita Kaliua. Saa tano hivi wakavuka daraja la mto Malagarasi, na mzee Ngassa akasimamisha basi pembeni ya barabara kwa sababu upande wa kulia, mbali kidogo majini, kulikuwa na viboko.

"Hakuna kushuka," Mwalimu Levina alisema. "Na madirisha yafungwe, yote. Mnawaona nyani wale? Nyani wa hapa haombi. Anachukua."

Darasa zima likahamia madirisha ya kulia. Migongo ilijipanga, vichwa vilipandiana. Tatu alibaki kiti chake cha kushoto, maana ameambiwa asikiache kidumu. Aliyebaki naye alikuwa Kabula tu, rafiki yake wa Ipuli, aliyekuwa akitapika tangu Kaliua na hakuwa na haja ya kiboko.

Upande ule wa kushoto, chini ya dirisha, alikaa nyani jike na mtoto mgongoni. Mtoto mwenyewe ana masikio kama majani mawili. Alimtazama Tatu. Tatu akamtazama. Karanga zilikuwa mfukoni.

"Usifungue," Kabula alisema bila kuinua kichwa.

"Kidogo tu. Moja tu."

Alifungua kiasi cha kupitisha mkono. Karanga ya kwanza ilipokelewa kwa adabu. Ya pili pia. Ya tatu haikungojewa. Dume moja ambalo Tatu hakuliona lilitoka juu ya paa la basi, likaingiza mkono mrefu wenye manyoya, likashika kikapu. Tatu akavuta. Nyani akavuta. Kikapu kilipinduka dirishani, kizibo kikafyatuka, na asali ya Bibi Zuwena ikaanza kushuka ubavuni mwa basi, taratibu, uzi mmoja mnene usiokatika.

Tatu hakupiga kelele. Angepiga kelele, mwalimu angegeuka. Alikivuta kidumu kwa nguvu zake zote, akafunga dirisha, akakipakata tena. Nje, nyani walilamba bati la basi kwa furaha kubwa. Upande wa kulia wenzake walikuwa wakimshangilia kiboko aliyepiga mwayo.

Kidumu kilibaki nusu.

Walipofika Uvinza kula chakula cha mchana, nyuki nao walifika. Walizunguka ubavu wa kushoto wa Kosta, na mzee Ngassa akasimama mikono kiunoni.

"Nani amepaka gari langu asali? Mimi natafuta abiria, sitafuti nyuki."

Watoto walicheka mpaka wakashika matumbo. Mwalimu Levina akauliza kama kuna anayejua. Huo ulikuwa wakati wake Tatu, na aliujua. Neno lilifika mpaka kwenye meno. Lakini wenzake walikuwa wakicheka sana, na mwalimu alikuwa na uso wa mtu aliyesema "madirisha yafungwe, yote". Tatu akalimeza.

Nyuma ya mgahawa kulikuwa na bomba. Tatu aliingiza kidumu chini ya bomba, akafungulia maji mpaka shingoni, akafunga, akatikisa.

"Tatu." Kabula alikuwa amesimama nyuma yake, uso bado umepauka. Baba yake Kabula alikuwa na mizinga arobaini. "Umetia maji kwenye asali?"

"Nyamaza."

"Sisi Ipuli hata mtoto anayetambaa hawezi kufanya hivyo. Itachacha."

"Haitachacha kwa siku moja. Na hawa wa ziwani wanajua dagaa, asali wataijulia wapi?"

Kabula akakitazama kidumu. "Huyo bibi yako wa Ujiji alizaliwa na ulimi, au hakuzaliwa nao?"

Walirudi kwenye basi, na kwa mara ya kwanza tangu darasa la kwanza, Kabula alikaa kiti kingine.

Siku ya pili ndiyo ilikuwa siku ya mwambao, siku ambayo darasa la sita lilikuwa likiihesabu kwa wiki tano. Asubuhi walishuka kwenye ghuba ndogo yenye mawe karibu na mji wa Kigoma. Maji yalikuwa safi kiasi kwamba ukisimama juu ya jiwe unaona samaki wakipita chini yako: wa njano, wa buluu, wenye milia, wadogo kama vidole. Mdiria, ndege mdogo mvuvi, alining'inia hewani kama aliyesahau kuanguka, kisha akajitupa majini na kutoka na kifungua kinywa chake. Furukombe alilia juu ya mti. Na fisimaji yule, jamani, alielea chali, amemweka samaki kifuani, anamtafuna kama mzee anayekula muwa barazani.

Watoto wa Tabora, waliozoea maji ya bwawa na ya ndoo, walikuwa kama wamepagawa. Walilowesha sketi, walilowesha kaptula, walikusanya mawe, walitaka kujua kwa nini ziwa lina mawimbi na halina chumvi.

Tatu aliviona vyote. Alimwona hata fisimaji. Lakini kila alipotaka kucheka alikumbuka kikapu kwenye basi. Mwenzake mmoja alimrushia maji usoni, na kitu pekee alichofikiria Tatu ni jinsi maji yanavyopita kila mahali kwa wepesi, ya bomba kwa ya ziwa.

"Unaumwa?" Mwalimu Levina alimuuliza.

"Hapana, mwalimu. Jua tu."

Saa sita wakafika Ujiji. Walitembea kwenye mtaa wa mwisho wa ile njia ya misafara, unaoteremka hadi ufukweni ambako wanawake walikuwa wameanika dagaa. Nyumba ya Bibi Mwavita ilikuwa mtaa uleule. Mwalimu Levina aliona ni vizuri darasa zima limsindikize Tatu, maana, alisema, huu nao ni msafara, na mzigo unafikishwa kwa heshima. Wanafunzi ishirini na sita wakajipanga mbele ya baraza.

"Hodi."

"Karibu. Kha. Wote hawa wangu?"

Bibi Mwavita alikuwa Bibi Zuwena mwingine, ila mfupi na mwepesi wa macho. Tatu alimpa shikamoo na kusema yeye ni nani. Mwanamke yule alishika fremu ya mlango.

"Mjukuu wa Zuwena," alisema. "Zuwena amekutuma kwangu?"

"Ndiyo, bibi. Amesema nikuletee hiki. Amesema… amesema ukionja utaelewa."

Bibi Mwavita alikipokea kikapu kwa mikono miwili, akaita mikeka iletwe, akawaketisha watoto wote kivulini, akaagiza maji ya kunywa. Alikwenda ndani, akarudi na kisahani cha maua, kile cha kabati la wageni, na kijiko kimoja.

"Nyumbani kwetu," aliwaambia wanafunzi, "mleta asali ndiye anayeonja kwanza. Akionja ndiyo anasema: nimeleta kwa moyo safi. Baba yetu alitufundisha hivyo, mimi na dada yangu. Njoo, mjukuu wangu."

Alimimina. Ilitoka kama chai. Ilifika kwenye kisahani kabla yeye mwenyewe hajaitegemea, ikamwagika ukingoni, ikalowesha kitenge chake.

Bibi Mwavita alikitazama kisahani. Halafu akampa Tatu kijiko.

Macho ya wenzake na mwalimu yalikuwa juu yake. Ya Kabula hayakuwa juu yake. Kabula alikuwa akitazama mkeka. Tatu alionja. Haikuwa asali na hayakuwa maji. Ilikuwa na ukali fulani kwenye ncha ya ulimi, ilikuwa imeanza kugeuka.

"Tamu?" aliuliza Bibi Mwavita.

Hapa angeweza kusema. Njia nzima ya kutoka Tabora ilikuwa imemleta kwenye neno hili moja.

"Tamu, bibi."

Bibi Mwavita akaonja naye. Hakutema. Alikunja midomo, akafunga kidumu taratibu, akakisukuma pembeni kwa mguu. Uso wake uliokuwa umefunguka mlangoni ulijifunga, kama dirisha linavyofungwa mvua ikianza.

"Mwambie dada yangu," alisema kwa sauti ya adabu sana, "salamu zake zimefika. Na nimezielewa."

Kisha, kwa kuwa mgeni ni mgeni, aliwagawia watoto wote ndizi, na akampa Tatu chupa ya mawese na samaki wa ziwani, migebuka miwili mikavu, vya kupeleka kwao. Kama angemchapa, Tatu angeshukuru.

Basi hivyo ndivyo asali ilivyofika. Na sasa bibi alikuwa ameuliza, na kiatu cha pili kilikuwa kimeshavuliwa, hakukuwa na kiatu cha tatu.

"Ilifika, bibi," Tatu alisema. Akatoa mawese na migebuka kwenye begi, akaviweka juu ya mkeka. Bibi Zuwena akaichukua ile chupa, akaikumbatia.

"Amenipa mawese," alisema. "Mwavita amenipa mawese. Kwa hiyo alionja, akaelewa." Machozi yalikuwa tayari yanamlenga.

Tatu aliyaona machozi yale, na hapo ndipo aliposhindwa. Kuubeba uongo barabarani ni kitu kimoja. Kumwona bibi yako anaufurahia ni kitu kingine.

"Hakuelewa, bibi. Au alielewa vibaya. Niliitia maji."

Akasema yote. Karanga ya kwanza, ya pili, ya tatu. Bomba la Uvinza. Kabula. Kisahani cha maua. Alipofika kwenye "Tamu, bibi," sauti ilikatika, akalisema mara ya pili ili lisikike. Alikuwa akitazama sakafu muda wote, na sakafu ilikuwa na ufa ambao hakuwahi kuuona.

Bibi Zuwena hakumkaripia. Aliirudisha chupa ya mawese mkekani.

"Miaka sita," alisema hatimaye, "nimengoja. Na sasa mdogo wangu anajua nimempelekea maji." Alivuta simu kutoka kwenye pindo la kanga. Alibonyeza namba bila kuitafuta, akaweka sauti kubwa, akampa Tatu. "Uliyeonja ni wewe. Utasema wewe."

Simu iliita mara nne.

"Nani?"

"Shikamoo, bibi. Ni Tatu, wa Tabora."

"Marahaba. Mmefika?"

"Tumefika. Bibi, ile asali… bibi yangu hakuitia maji. Mimi ndiye niliyetia. Nilimpa nyani karanga, akaimwaga, ikabaki nusu, nikaogopa. Ukaniuliza kama ni tamu, nikakudanganya mbele ya watu. Naomba unisamehe."

Upande wa pili kulikuwa na sauti ya sufuria, kisha sufuria ikawekwa chini.

"Hiyo nusu," alisema Bibi Mwavita polepole, "kabla ya maji. Uzi wake ulikuwa unakatika?"

"Haukukatika, bibi. Ulishuka kutoka dirishani mpaka chini."

Pumzi ndefu ikasikika. "Mpe simu dada yangu."

Bibi Zuwena aliishika simu kwa mikono miwili, kama mdogo wake alivyokipokea kikapu.

"Mwavita."

"Dada."

"Siku ile ya mama, treni…"

"Najua. Nilijua siku ileile, dada. Mtu alishaniambia treni imekwama. Nilikuwa nimeshasema mbele za watu, nikaona aibu kuyarudisha maneno. Leo mtoto mdogo amenipita."

Hapo dada wawili wakaanza kulia, wakacheka, wakalia tena, na mchele ukabaki na mawe yake.

Baada ya muda bibi aliiweka simu magotini bila kuikata, akamvuta Tatu karibu.

"Sikiliza, mwanangu. Ungempelekea Mwavita nusu kidumu na ukweli, ungekuwa umempelekea zawadi. Ulimpelekea kidumu kizima cha uongo, akaona ni tusi. Asali kidogo ni asali. Kosa likikutokea, liseme likiwa bado dogo, hapohapo lilipotokea. Ukilitia maji ili lijae vizuri, linachacha." Akamfuta uso kwa ncha ya kanga. "Mwalimu wako amewaambia nini kuhusu wapagazi?"

"Kwamba walikuwa wakitua mizigo kambini."

"Basi wewe ulipita kambi zote, kutoka Malagarasi hadi Ujiji na kurudi, na mzigo kichwani. Shingo haikuuma?"

"Iliuma, bibi."

"Jumatatu utautua uliobaki. Utamwambia Mwalimu Levina nani alifungua dirisha, na utamwomba mzee Ngassa ndoo ukalioshe lile basi. Na Kabula umtafute leo, kabla jua halijazama."

"Zuwena, bado upo?" sauti ya Bibi Mwavita iliita kutoka kwenye simu magotini.

"Nipo, nipo. Namaliza na mjukuu wako." Bibi Zuwena akaichukua tena simu, akajinyoosha mkekani kama msichana. "Tatu, lile ziwa lako lisilo na ng'ambo, nataka nilisikie lote. Lakini huyu naye ana miaka sita ya maneno."

Tatu alikuwa ameshaanza kuvaa viatu vyake kwenda Ipuli kwa Kabula. Kwa mara ya kwanza tangu Uvinza, shingo yake ilikuwa nyepesi.

"Kesho nitakuambia yote, bibi," alisema. "Na fisimaji, na samaki wa milia. Ila nitaanza na nyani."